Taya Langu na Swali la Meja

Kichwa kilianza kuniuma mwaka wa pili baada ya Wahindi kufukuzwa, na kwa miezi minane hakuna mtu nyumbani kwetu Kibuli, Kampala, aliyewaza kwamba ugonjwa ulikuwa mdomoni.

Mimi mwenyewe sikuwaza. Maumivu yalianzia mapanjani, huku na huku, kama nimefungwa kilemba na mtu asiyenipenda, kisha yakateremka nyuma ya masikio hadi shingoni. Asubuhi ndiyo yalikuwa makali zaidi. Niliamka nimechoka kama niliyeshinda shambani. Mama alisema ni kipandauso. Baba, aliyekuwa mwalimu wa chuo cha Korani, aliniandikia kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, nikalinywa siku saba. Shangazi alisema ni jicho la mtu. Zahanati walisema ni malaria, wakanidunga klorokwini mpaka mwili mzima ukaniwasha. Nilipolalamika kwamba sikio la kushoto nalo linauma, walilichungulia wakasema ni zima.

Kulikuwa na dalili moja ambayo hatukuijali. Nilipotafuna, taya la kushoto lilialika, ta, kama kidole kinachoalishwa. "Unatafuna kokoto?" mama aliniuliza siku moja tukila muhogo. Na dada yangu, tuliyelala chumba kimoja, alikuwa akilalamika kwamba usingizini nasaga meno kama mtu anayesaga wimbi kwa jiwe. Tulicheka, yakaisha.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Kazi yangu ilikuwa taipisti katika duka la cherehani na vipuri vyake, mjini kati. Mwenye duka, Mhindi mmoja mpole aliyeniajiri nilipomaliza shule, aliondoka na masanduku mawili, na duka likapewa meja wa jeshi. Watu wa aina yake mjini tuliwaita mafuta mingi, matajiri wa ghafla. Meja hakujua cherehani inashona kwa upande gani. Alitubakisha wafanyakazi wawili wa zamani: mimi, na karani mzee aliyetunza mafaili na kupeleka barua, mtu wa Luzira, mwenye miwani iliyofungwa uzi.

Kabla mwaka haujaisha rafu zilibaki na visanduku vya sindano na vibobo vya uzi vitupu. Lakini milango iliendelea kufunguliwa kila asubuhi, kwa sababu lile halikuwa duka tena. Chumba cha nyuma kilikuwa kimegeuka ofisi. Wanaume waliingia kwa mlango wa uani, wakakaa, wakasema chini kwa chini, wakaondoka. Kisha meja aliniita. Alisema kwa Kiswahili chake cha kambini, nami nikakigeuza Kiingereza na kukipiga mashine, nakala mbili. Fulani bin fulani, anaishi mahali fulani, amesikika akisema hivi na hivi. Majina yalikuwa mengi, na siku nyingine nilimaliza utepe mzima wa wino.

Kampala wengi walikikwepa Kiswahili. Waliona ni lugha ya askari. Kwetu ilikuwa lugha ya nyumbani tangu babu zetu walipokuja kutoka Pwani na misafara, lugha ya mama kutuimbia na ya baba kutukaripia. Ndiyo iliyonitia kifungoni. Meja hakupata taipisti mwingine aliyemwelewa bila kumuuliza mara mbili.

Niliomba kuacha kazi mara moja tu.

"Afande," nilimwambia, "naomba ruhusa niache kazi. Mama yangu hajiwezi."

Alinitazama kwa upole, na upole ule ulinitisha kuliko ukali. "Mama yako mimi najua. Nyumba yenu najua. Baba nafundisha watoto Korani, nzuri sana. Wewe kaa."

Tangu wiki ile sajini wake alinirudisha nyumbani kila jioni kwa Landrova. Sajini alikuwa Mnubi wa Bombo, mtu mzima mwenye mvi. Aliegesha mbele ya nyumba yetu, akazima injini, akakaa kidogo bila sababu. Majirani waliacha kuja kuazima chumvi. Na mimi, kutoka saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, nilipiga mashine huku nimeuma meno. Sikujua kwamba nimeyauma. Nilidhani hivyo ndivyo mdomo unavyokaa.

Siku ya Jumatatu, katikati ya asubuhi, meja alinitajia majina matano. La tatu lilikuwa la jirani yetu, mwalimu wa shule aliyemfundisha dada yangu hesabu. Vidole vyangu havikusita. Nililiandika vizuri, herufi zake zote, nikamkabidhi karatasi atie sahihi, naye akaitia ndani ya bahasha na kuifunga mwenyewe. Karani akaondoka nayo.

Jioni ile nilimkuta mama ukumbini anachagua mchele. Nilimwambia kwa sentensi moja. Aliweka ungo chini, akajitanda kanga, akaenda kwa mke wa mwalimu kuazima mbuzi ya kukunia nazi, ingawa yetu ilikuwa imening'inia pale pale jikoni. Alfajiri mwalimu hakuonekana msikitini. Alikuwa ameshika njia ya Busia, mpakani, na mfuko mmoja.

Siku ya Alhamisi askari walipofika kwake walimkuta mkewe na kuku. Ijumaa, saa tatu asubuhi, meja alituita chumba cha nyuma, mimi na karani.

Lazima niseme kilichotokea asubuhi hiyo kabla ya kufika kazini. Niliamka taya likiwa zito. Nilipouma ganda la mkate lile taya lilialika kwa kishindo kuliko siku zote, kisha likanyamaza. Sikusikia tena ile ta. Nilifikiri limepona.

Meja alikuwa amesimama. "Ile barua watu watatu tu najua," akasema. "Mimi, wewe, na huyu mzee. Mwalimu nani naambia?"

"Afande, mimi hupewa bahasha imeshafungwa," karani alijibu. "Sijui kilichomo."

Meja akanigeukia. "Na wewe?"

Nilifungua mdomo, nao ukakwama. Haukufika hata upana wa kidole. Maumivu kama msumari yalinichoma mbele ya sikio, nikatoa sauti isiyokuwa neno.

"Wewe nacheza na mimi?"

Nilijaribu tena. Ulikwama palepale. Meja alinishika kidevu akakivuta chini, nikapiga kelele kupitia menoni, machozi yakanitoka.

"Afande," karani akasema haraka, "huyu binti anaumwa kweli. Siku nyingi anashika kichwa, mimi namwona."

Kuna jambo ambalo kwa miaka mingi sikumwambia mtu. Taya lilikuwa limefunga kweli, na maumivu yalikuwa ya kweli. Lakini mtu aliyefungwa taya bado anaweza kusema maneno machache, kwa kubananisha meno. Ningeweza kusema "sijui." Ningeweza kusema "ni mimi." Nilipoona kwamba meja amesita, nilijificha ndani ya ule ugonjwa kama mtu anayejificha nyuma ya mlango, na nikamwacha mzee wa watu amesimama nje.

Meja alimwita sajini. "Peleka yeye kwa daktari ya meno. Fungua hii mdomo. Halafu leta hapa, yeye najibu mimi." Akamwonyesha karani kiti. "Wewe kaa."

Ndani ya Landrova sikuamini habari za daktari. Niliangalia njia. Gari likiteremka kuelekea mnara wa saa, nilijua, tunakwenda Makindye, kambini, na huko watu walikuwa wakiingia tu. Likipanda kuelekea Wandegeya, ni hospitali. Sajini alifika njia panda, akasimama kumpisha mwanamke mwenye kikapu cha ndizi kichwani. Mwanamke yule alitembea polepole mno. Kisha sajini akakata kona, tukapanda. Nilikuwa nimeuma meno kwa nguvu hata nikaona nyota.

Daktari wa meno alikuwa mtu mfupi mwenye koti jeupe lililofuliwa hadi likawa kijivu. Wenzake wengi walikuwa wameshaihama nchi. Alinisalimu kwa Kiganda, na sajini, aliyesimama mlangoni, akamkatiza.

"Sema Kiswahili. Mimi nataka sikia."

Kiswahili cha daktari kilikuwa cha kuokoteza, lakini mikono yake ilikuwa na ufasaha wake. Aliniweka vidole mbele ya masikio, akaniita nyabo, yaani bibi kwa Kiganda. "Fungua, nyabo. Funga. Fungua." Akapima mwanya wa meno kwa rula. Akabonyeza mashavu, kisha akapanda, na alipogusa mapanja niliruka kitini.

"Kichwa nauma hapa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Asubuhi nauma zaidi?"

Nilimkodolea macho. Katika wote walionitibu, hakuna aliyewahi kuniuliza hilo.

Akanishika mikono akaiweka mapanjani pangu. "Weka vidole hapa. Sasa kaza meno." Nilikaza kidogo, na chini ya vidole vyangu nikasikia nyama inatutumka kando ya kichwa, mbali kabisa na mdomo. "Umesikia? Hii nyama ya kufunga mdomo haiishi kwa shavu. Napanda mpaka huku juu, kama upepeo. Wewe nakaza meno mchana, nasaga usiku, kwa hiyo kichwa naumia. Hii si malaria." Akagusa mbele ya sikio. "Na hapa ni kiungo ya taya. Zamani ilikuwa nalia, ta, ta? Na leo imeacha?"

Nikaitikia.

"Ndani kuna kitu kama mto, kadogo sana. Leo imeteleza mbele, imeziba njia. Ndiyo maana mlango haifunguki."

Nilitaka kulia, na haikuwa kwa maumivu. Miezi minane nilikuwa nimenyweshwa, nimedungwa, nimesomewa, na huyu mtu alikuwa ameniambia kwa dakika kumi kilichonipata.

Kisha akauliza, bila kufikiri, kama daktari yeyote angeuliza: "Sasa, ni nini nafanya wewe kaza meno?"

Nilitazama viatu vya sajini. Vilikuwa vimepigwa rangi vikang'aa. Daktari naye akavitazama. Nikasikia maji yakidondoka kwenye kibeseni. Halafu akachukua kadi yangu akaandika mistari kadhaa, ingawa nilikuwa sijajibu kitu.

"Basi," akasema. "Hiyo si lazima."

"Daktari, fungua sasa," sajini akasema. "Meja nangoja."

"Kwa nguvu, hapana. Nikivuta, itavunjika, na hataongea mwaka mzima. Polepole. Wiki tatu, nne."

"Wiki nne!" Sajini alivua kofia, akajisugua panja kwa kiganja. Daktari alimtazama kwa makini.

"Afande, na wewe kichwa nauma?"

"Kidogo. Ni jua."

"Asubuhi, kabla ya jua?"

Sajini akaigeuzageuza kofia mikononi.

"Kaa hapa, ssebo," akamwambia, kama Waganda wanavyomwita bwana.

Sikutegemea atii, lakini aliketi kwenye kiti nilichotoka, bunduki ameiegemeza ukutani. Daktari alimbonyeza mapanja, na yule mtu ambaye mtaa mzima wa Kibuli ulikuwa ukimwogopa akafumba macho kwa maumivu. Alipoambiwa afungue mdomo nilisikia kutoka niliposimama: ta.

"Meno yamelika kama ya mzee wa miaka themanini," daktari alimwambia. "Wewe pia nasaga."

Sajini alitazama dirishani. "Mke yangu nasema hivyo. Nasema mimi ni kama panya ndani ya sanduku."

Daktari alifungua mdomo kumuuliza lile swali lake. Kisha akaufunga bila kuuliza.

Alinipa masharti. Kitambaa cha maji moto mashavuni, asubuhi na jioni. Uji na matooke ya kuponda, nyama hapana. Kufungua mdomo taratibu mbele ya kioo, bila kupinda. Na zaidi ya yote: midomo ikutane, meno yasikutane. Alichukua kipimo cha meno yangu ya juu, kadiri mdomo ulivyoruhusu, ili anitengenezee kifuniko cha kulalia, kwa plastiki ileile ya waridi wanayotengenezea meno ya bandia. Alimpima na sajini. Kisha akaandika barua kwamba taya hili lisilazimishwe, akampa sajini aibebe.

Dukani, sajini alisimama wima mbele ya meja. "Afande, ni ugonjwa kweli. Mimi nimeona. Daktari nasema, ukilazimisha navunjika." Hakusema habari zake mwenyewe.

Meja alisoma barua, akaikunja. "Kazi yako ni vidole, si mdomo," akaniambia. "Kaa, andika."

Kiti cha karani kilikuwa kitupu. Miwani yake ilikuwa juu ya faili. Walikuwa wamempeleka Makindye.

Siku zilizofuata ndizo ndefu kuliko zote katika maisha yangu. Nilikaa mbele ya mashine tangu asubuhi, na mashine ndiyo iliyonisuta, kwa maana kuungama hakukuhitaji taya. Karatasi ilikuwa hapo. Jumatatu niliandika maneno mawili, "Ni mimi," nikayatazama, nikachomoa karatasi nikaichana vipande vidogo na kuvitia kifuani. Habari aliyeipeleka kwa jirani ni mama. Nikijitaja mimi, wataulizwa wa nyumbani, na mama hakuwahi kujua kusema uongo. Nisipojitaja, mzee anabaki kule. Kila nilikogeukia kulikuwa na mtu ninayempenda au ninayemheshimu, amesimama ukutani. Nilijaribu kutenganisha meno kama nilivyoagizwa. Nikihesabu hadi ishirini nayakuta yameshaumana tena.

Siku ya tano karani alirudi. Aliingia kwa mlango wa mbele, anachechemea, shati lake limefungwa vishikizo hadi shingoni. Alivaa miwani yake, akafungua faili lilelile. Alipanga karatasi hadi alasiri. Meja alipotoka uani, aliniambia bila kuinua macho:

"Taya likoje, binti yangu?"

"Linafunguka kidogo, mzee," nilimjibu kwa kubananisha.

"Usiharakishe," akasema.

Sikulala vizuri kwa sababu ya neno lile.

Meja hakuniuliza tena. Mdomo ulipofika upana wa vidole viwili, alikuwa na matatizo yake mwenyewe. Waliokuwa wakija kwa mlango wa uani walipungua, kisha alihamishiwa kambi ya kaskazini. Akaja mwingine, akatazama rafu tupu, akachukua mashine ya chapa na feni, akapiga kufuli. Hakuna aliyetufukuza wala kutuaga. Nilirudi Kibuli kwa miguu.

Kile kifuniko cha waridi nilikipata. Sajini ndiye aliyenipeleka kukichukua, na chake alikitia mfuko wa shati haraka, kama mtu anayeficha barua. Nilipokwenda mara ya tatu, peke yangu, chumba cha daktari kilikuwa kimejazwa viti vibovu. Muuguzi aliniambia amechukua likizo. Alilitamka neno hilo kwa namna iliyonifanya niseme asante na kuondoka. Baadaye nilisikia yuko Zambia, na nikasikia pia kwamba hakuvuka mpaka. Sijui lililo kweli.

Kichwa kilipungua. Hakikuisha, lakini baada ya miezi sita nilikuwa na asubuhi nzima nzima bila maumivu, na niliweza kula embe.

Miaka kadhaa baadaye, vita vya kuwaondoa askari wale vilipokwisha nao wakakimbia, nilikwenda Luzira kumtafuta karani. Nilimkuta kibarazani kwake, anafuma wavu, amezeeka sana. Mkewe alituletea sato wa kuchemsha na ndizi. Nilingoja arudi ndani, ndipo nikamwambia yote: barua, mama, ungo wa mchele, yale maneno mawili niliyoyachana. Sikumficha hata lile la kwamba ningeweza kusema.

Alisikiliza huku vidole vyake vikiendelea na wavu.

"Nilijua," akasema. "Ni mimi au wewe, na mimi nilijua si mimi."

"Mbona hukunitaja?"

"Siku mbili za kwanza nilikulaani. Ya tatu ningekutaja. Walipouliza nilikuwa nimeshafungua mdomo. Wakaitwa kwenda kula. Waliporudi, hamu ya kusema ilikuwa imeniondoka." Akavuta uzi, akakaza fundo. "Usinifanye mtu mwema kuliko nilivyo."

Nilikuwa nimekwenda pale nikitumaini ataniambia sina kosa. Hakuniambia, na sikumwomba. Tulikula. Alipomaliza alinawa mikono, akauliza: "Na yule mwalimu?"

"Yuko Nairobi na mkewe. Anafundisha. Amepata mtoto wa tatu."

"Wa tatu," akasema. Akamwita mkewe aliyekuwa ndani, akamwambia kwa sauti kubwa, maana mama yule hakusikia vizuri: "Yule mwalimu wa Kibuli amepata mtoto wa tatu!"

"Mwalimu gani?" mkewe akauliza kutoka jikoni.

Mzee alinitazama, na mimi nikainuka kwenda kumweleza.